Wimbo wa Pole Hautaki Haraka

Mazungumzo yaliyotolewa na kikundi kimoja mbele ya mkutano wa vikundi vya kujisaidia, Msambweni

 

Tumeombwa tuseme habari za mradi wetu. Wenzetu waliotutangulia asubuhi hii wamesema mambo mazito. Wengine wametueleza habari za kuku wa kienyeji, wengine habari za mikoko, wengine mikopo ya mzunguko. Sisi tumekuja na gitaa. Tunaona wengine mwacheka. Chekeni tu, maana hata nyumbani tulichekwa. Lakini tunaomba mtusikilize mpaka mwisho, kwa sababu gitaa hili limetufunza jambo ambalo tulikuwa tunalisikia kwenye semina kila mwaka bila kulishika: kwamba kazi ya pole haiharakishwi, na kwamba mtu hawezi kuuza kitu ambacho hajakielewa.

TULIVYOLINUNUA

Kikundi chetu kina watu 19: akina mama 11 na vijana 8. Kila wiki tunatoa hisa, na mweka hazina anaandika. Siku moja sisi vijana tukaleta ombi. Pale Ukunda kulikuwa na mtu anayehama, anauza gitaa kuukuu, lina ufa tumboni na nyuzi 5 badala ya 6. Bei shilingi 6,000. Tukasema, hotelini Diani wageni wanapenda nyimbo, tutapiga, pesa zitarudi kwa mwezi mmoja.

Akina mama walikataa. Mama mmoja alisema maneno ambayo hatujayasahau: "Gitaa halitii unga chunguni." Akasema pesa za hisa ni za mbegu, ni za karo na ni za mgonjwa usiku wa manane. Alikuwa na haki. Sisi tukajibu kwa kelele, na mkutano ule ulimalizika vibaya, wengine hata hawakuagana.

Baada ya wiki mbili mwenyekiti alileta njia ya katikati. Gitaa linunuliwe, lakini liwe mali ya kikundi, si ya vijana. Likae nyumbani kwa katibu. Na likimaliza miezi 6 bila faida, liuzwe, na hasara ilipwe na sisi vijana wanane kwa jasho letu. Tukakubali upesi. Ukitaka kitu huwa huyasikii masharti yake.

AIBU YA UFUONI

Sasa sikilizeni tulivyoanza. Tulijifunza wiki moja tu, kila mtu akikisia kivyake. Tulikuwa na nyimbo mbili. Ya kwanza ni "Jambo Bwana", ule wa Them Mushrooms, vijana wa Mombasa, uliotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambao kila mgeni anaujua. Ya pili ni "Malaika". Tukavaa mashati yanayofanana, tukaenda Diani, tukasimama ufuoni karibu na njia wanayopitia wageni.

"Jambo Bwana" ilikwenda. Watu walitabasamu. Tukaingia "Malaika" kwa mwendo uleule, tunaruka, tunacheka, mmoja anapiga makofi. Palikuwa na mgeni mmoja, mzee wa Kizungu aliyejifunza Kiswahili kitabuni. Alisikiliza, kisha akauliza: "Samahani, wimbo huu ni wa furaha?" Tukajibu kwa sauti moja: "Ndiyo, furaha sana!" Akatutazama. Akatupa shilingi mia, akaenda zake kimya.

Chini ya mnazi alikuwa ameketi mzee mmoja anayeuza madafu. Alituita. Alisema: "Wanangu, yule jamaa wa kwenye wimbo analia kwa kukosa mahari, nanyi mwamchezesha chakacha?"

Hatukuwa na la kujibu. Tumezaliwa na Kiswahili, wimbo tumeusikia tangu utotoni, na mgeni ndiye aliyeuliza unasema nini.

MZEE NA SHARTI LAKE

Kumbe yule mzee alikuwa mpiga gitaa wa hotelini kwa miaka mingi. Tulimwomba atufunze. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu tulikwenda na mwenyekiti wetu na sukari kilo mbili, kama desturi, akakubali kwa sharti moja: wiki ya kwanza hakuna kugusa gitaa.

Basi wiki nzima tuliketi barazani kwake tukiyasema maneno ya wimbo bila sauti ya kuimba, kama mtu anayezungumza na mwenzake. Kila mmoja kwa zamu. Akikuona unakimbia, anakurudisha mwanzo. Akatueleza pia wimbo umetoka wapi.

"Malaika" ulienea kwa sauti ya Fadhili William, kijana wa Taita, jirani zetu hapa. Alizaliwa mwaka 1938. Aliurekodi Nairobi na kundi la Jambo Boys kwenye mwaka 1960 hivi. Baadaye ukazunguka dunia. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika sahani yao ya mwaka 1965. Boney M. wakautoa tena 1981, na Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1991. Fadhili mwenyewe alifariki Februari 2001. Na mpaka leo kuna ubishi juu ya nani hasa aliutunga, maana watu wengine, wa Kenya na wa Tanzania, walidai kuwa ni wao. Habari hiyo tutairudia, kwa sababu ina funzo kwa vikundi.

Wimbo wenyewe una habari fupi. Kijana anampenda binti, anataka kumwoa, na mfuko wake ni mtupu. Basi. Mzee alituuliza: "Katika wimbo huu, mtu mbaya ni nani?" Mmoja wetu akasema binti. Mwingine akasema baba mkwe. Mzee akacheka. "Someni tena. Binti hakukataa. Baba mkwe hatajwi. Hakuna mtu mbaya humu. Kuna umaskini tu. Ndiyo maana hauimbwi kwa hasira. Unaimbwa na mtu ambaye amekwisha kupiga hesabu zake zote, na sasa anasema kwa upole."

Tangu siku ile tuliacha kupiga makofi ndani yake.

MISHIKO MITATU

Wiki ya pili ndipo tukashika gitaa. Tutaeleza kidogo, kwa faida ya vikundi vinavyotaka kuanza, kwa sababu si kazi ya uchawi.

Gitaa lina nyuzi 6. Uzi wa kwanza ni ule mwembamba ulio chini, wa sita ni ule mnene ulio juu, karibu na uso wako. Shingoni kuna vyuma vidogo vimekatiza. Nafasi kati ya chuma na chuma sisi twaiita chumba, na chumba cha kwanza ni kile cha mbali kabisa, kule kichwani mwa gitaa.

Kwanza nyuzi zipatane. Bonyeza uzi wa sita katika chumba cha tano: sauti hiyo ndiyo iwe ya uzi wa tano ukiwa wazi. Uzi wa tano, chumba cha tano, unakupa wa nne. Wa nne, chumba cha tano, unakupa wa tatu. Hapa jihadhari: wa tatu unabonyezwa chumba cha nne ili kukupa wa pili. Kisha wa pili, chumba cha tano, unakupa wa kwanza. Usipoanza na kupatanisha nyuzi, vidole vikifanya sawa bado sikio litasema uongo. Mzee alisema ni kama kikundi: msipopatana asubuhi, jioni kila mtu atamlaumu mwenzake.

Kisha mishiko. Wanamuziki huiita "kodi", lakini msiogope, si ile ya nyumba wala ya kaunti. "Malaika" unapigika kwa mishiko mitatu tu: G, C na D7.

G: uzi wa sita chumba cha tatu, uzi wa tano chumba cha pili, uzi wa kwanza chumba cha tatu.

C: uzi wa tano chumba cha tatu, uzi wa nne chumba cha pili, uzi wa pili chumba cha kwanza.

D7: uzi wa tatu chumba cha pili, uzi wa pili chumba cha kwanza, uzi wa kwanza chumba cha pili.

Angalieni jambo moja. Ukitoka C kwenda D7, kidole cha shahada hakiondoki pale kwenye uzi wa pili. Vingine vinahama, chenyewe kinabaki. Tulihangaika siku nne mpaka mzee alipotuonyesha. Mara nyingi mtu hushindwa kwa sababu anang'oa kila kitu, hata kile ambacho kingebaki.

Mzee hakutufunza kwa herufi peke yake. Alisema: "G ni nyumbani. C ni kwa jirani, waweza kukaa kidogo ukazungumza. D7 ni njiani, na usiku unaingia: hapo moyo wataka kurudi nyumbani." Jaribuni mtaona. Ukipiga D7 ukanyamaza, hata mtoto mdogo atakutazama akingoja umalizie. Huzuni ya wimbo iko hapo hasa, katika kungoja. Ukikimbia, huwapi watu nafasi ya kungoja, na wimbo unakuwa wa kuruka tu.

MKONO WA KULIA NA KUNYAMAZA

Sisi tulikuwa tunakwangua nyuzi zote kwa pamoja, kwa nguvu. Mzee alitufunga vidole vitatu kwa kitambaa, akatuachia gumba na cha shahada. Gumba lipige nyuzi nene, taratibu, hesabu nne. Kidole cha shahada kiimbe juu yake kwenye nyuzi nyembamba. Vidole viwili tu. Alituambia kuwa Mwenda Jean Bosco, yule fundi wa Katanga aliyerekodiwa wimbo wa "Masanga" mwaka 1952, alipiga kwa vidole hivyo viwili, na watu wakadhani kuna magitaa mawili. Hata hapa kwetu pwani hatuna haja ya kwenda mbali, maana Fundi Konde, aliyezaliwa 1924 na kufariki 2000, alikuwa Mgiriama, na gitaa lake lilikuwa linasema bila kupiga kelele.

Vidole vya mkono wa kushoto viliuma. Ncha zilivimba, halafu zikawa ngumu. Hapo mmoja wetu aliacha, na hatumlaumu. Waliobaki walipiga dakika 20 kila siku, si saa tatu siku ya Jumapili pekee. Wahenga walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Kwetu sisi, nyuzi zilikata vidole kwanza, kisha vidole vikazizoea nyuzi.

Kazi iliyotushinda zaidi haikuwa ya vidole. Ilikuwa ni kuacha. Baada ya kila mstari mzee alitaka tunyamaze, tuache uzi umalize kulia wenyewe. Sisi tuliona kama tumesahau, tukajaza kila pengo. Akawa anatuambia: "Mwajaza kwa sababu mwaogopa watu. Acha. Yule anayesikiliza ana yake ya kutia hapo."

KWA NINI MZEE ALIKUWA HAPIGI TENA

Siku moja tulimwuliza kwa nini mtu fundi kama yeye auze madafu. Alinyamaza kwanza. Kisha akasema habari za mwaka 1997.

Wengi hapa mwakumbuka. Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka ule kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, fujo zikaenea upande huu wa kusini, watu wakauawa, na maelfu, wengi wao watu wa bara, wakakimbia makwao. Wageni waliondoka, hoteli zikawa tupu, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Mzee alikuwa mmoja wao. Lakini hakulilia kazi. Alilia mwenzake. Kwa miaka mingi walikuwa wawili: yeye ashika mishiko, mwenzake, mtu wa magharibi mwa Kenya, aimba kwa uzi mwembamba. Wiki ile mwenzake alipanda basi na watoto na godoro moja. Hakurudi tena, na hawakuonana.

"'Malaika' ni wa watu wawili," mzee alisema. "Mmoja ashike, mwingine aseme. Nikiupiga peke yangu nasikia pale anapokosekana."

Hapo tukaelewa kwa nini alikuwa anatulazimisha kusikilizana kuliko kujionyesha. Katika kikundi chetu wamo Wadigo, Waduruma, Wakamba na Wajaluo. Wamo Waislamu na Wakristo. Hatukuhitaji mhubiri aje kutueleza kinachopotea watu wakifukuzana.

MWENZETU ALIPOWEKA GITAA CHINI

Sasa tunafika mahali ambapo ni pagumu kwetu kusema, lakini mwenyewe ametupa ruhusa, mradi tusimtaje jina.

Mmoja wetu ndiye aliyekuwa na vidole vizuri kuliko wote. Ni mvuvi. Alikuwa ameposa binti upande wa Lunga Lunga. Wazee walikwenda, wakapokelewa vizuri, wakapewa hesabu: mahari, kilemba cha baba, mkaja wa mama na vingine. Kijana aliomba muda. Akapeleka nusu. Kisha kusi ikavuma, bahari ikafunga, injini ya mashua ya tajiri wake ikaharibika, na miezi ikapita. Siku moja habari ikaja kwamba binti ataolewa na mtu mwingine, na ile nusu itarudishwa.

Jioni ile alikuja mazoezini kama kawaida. Hakusema kitu. Zamu yake ilipofika alianza "Malaika". Alifika katikati, kwenye ile D7, mkono ukasimama. Akaweka gitaa chini juu ya mkeka.

Hakuna aliyesema neno. Mzee alilichukua lile gitaa, akaendelea pale pale lilipoachwa, polepole, bila kumtazama, mpaka wimbo ukafika nyumbani. Kisha akamrudishia na kusema: "Mwanangu, leo umeanza kuujua. Lakini usiupige ukilia. Ukilia wewe, vidole vitapotea, na yule mwenye machozi yake pale nyuma hatakuwa na mtu wa kumshika. Kazi yako ni kushika."

Sisi tulifikiri wimbo wa huzuni unataka mpigaji ajae huzuni. Kumbe unataka mtu anayeijua huzuni na bado ana mkono uliotulia.

AKINA MAMA WALIVYOSEMA

Nyumba ya katibu si mbali, na usiku sauti hufika. Akina mama walikuwa wanasikia mazoezi yote. Mkutano uliofuata, yule mama aliyesema gitaa halitii unga chunguni ndiye aliyesimama kwanza. Tukadhani ataomba liuzwe. Akasema: "Nina mabinti watatu. Jana usiku nilimsikia mtoto wa watu akishindwa kumaliza. Nikajiuliza, mimi nimemshinda nani?"

Tulizungumza mahari mpaka jua likatua. Haikuwa rahisi. Wengine walisema mahari ni heshima, na binti asiyeulizwa chochote hudharauliwa. Ni kweli. Wengine walisema heshima imekuwa bei, na kijana anaanza ndoa na deni. Nayo ni kweli. Ndugu Waislamu walikumbusha kuwa mahari ni haki ya bibi arusi mwenyewe, na yale mengine ni mila. Wakristo nao walikuwa na yao. Mama mmoja alikubali kwamba mwaka uliopita alidai mkaja mkubwa kwa sababu tu jirani yake alidai hivyo.

Hatukumaliza jambo lenyewe. Tulikubaliana moja tu: mzazi wa kikundi chetu akiposewa binti, na vijana wenyewe wamependana, atakubali kijana alipe kidogo kidogo, na maandishi yawekwe mbele ya mashahidi, ili asije mtu akavunja ahadi kwa sababu ya msimu mmoja mbaya. Mpaka sasa limefuatwa mara mbili.

Mtauliza, na yule kijana? Binti aliolewa. Kijana hajaoa bado. Anavua, na jioni anapiga. Sasa anaumaliza.

HESABU NA MIEZI SITA

Miezi 6 ilipotimia tuliketi kama tulivyoahidi. Tulikuwa tumepiga kwenye arusi kadhaa, harambee moja ya bweni la shule, na jioni chache katika hoteli ya Diani. Pesa za gitaa zilirudi, na kidogo juu. Hatukutajirika, na msidanganywe na mtu. Ilipopigwa kura ya kuliuza, akina mama wote 11 walikataa.

Tunaomba tuwaachie mambo machache tuliyojifunza kwa gharama.

Kwanza, chombo cha kikundi kiwe na daftari. Nani amekichukua, lini, amekirudisha kikiwa katika hali gani. Uzi ukikatika mkononi mwako, wewe ndiye unayenunua.

Pili, pesa zinazoingia zigawanywe kwa kanuni iliyoandikwa kabla ya kazi, si baada. Sisi nusu ni ya wapigaji, nusu ni ya mfuko wa kikundi.

Tatu, msitegemee wageni peke yao. Hoteli hupungukiwa na watu wakati wa mvua ya masika. Mwaka 1997 zilikuwa tupu kwa fujo, mwaka 2020 zikafungwa kwa korona. Aliyekuwa na shamba au mashua alikula. Mpigeni gitaa, lakini jembe msilitupe.

Nne, hewa ya chumvi ni adui wa nyuzi. Kila mkimaliza kupiga, zifuteni kwa kitambaa kikavu. Msiliweke gitaa juani wala ndani ya chumba cha mabati saa za mchana, gundi hulegea na shingo hupinda. Na gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni msilitie za chuma, zitalivunja.

Tano, andikeni kazi zenu. Tulisema tutairudia ile habari ya ubishi wa "Malaika". Wimbo unaoimbwa dunia nzima, na bado watu wanagombania baba yake. Vikundi vingi hapa vina nyimbo mlizotunga wenyewe, za kampeni ya chanjo, za kilimo, za arusi. Andikeni maneno, tarehe, nani alitunga maneno na nani sauti, wote watie sahihi, nakala ibaki kwa katibu. Ikiwezekana sajilini kazi hiyo kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Siku wimbo ukipata thamani hamtakuwa na haja ya kugombana.

MWISHO

Ndugu zetu, tulipoanza tulitaka wimbo wa kuuza. Tuliuza kabla hatujaujua, tukapata shilingi mia na aibu. Tulipokubali kukaa wiki moja bila kugusa uzi ndipo ulipoanza kutufaa, na ulitufaa mahali ambapo hatukuutuma. Huenda kuku wenu, miche yenu na mikopo yenu pia iko hivyo. Mwenda pole hajikwai.

Tunamshukuru mzee, ambaye ameketi pale nyuma na hataki tumwonyeshe kwa kidole. Leo amekubali kushika mishiko, na yule kijana wetu ataimba kwa uzi mwembamba. Tunaomba jambo moja tu: wimbo ukimalizika, msipige makofi upesi. Ngojeni kwanza uzi wa mwisho unyamaze.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Je, kuna kitu ambacho kikundi chetu kinakiuza au kukifanya bila kukielewa vizuri? Ni nani katika kijiji chetu anayekijua, na tumewahi kumwuliza?

2. Wanachama wanapopingana juu ya kutumia pesa za hisa, sisi huamua namna gani? Masharti huandikwa?

3. Mahari katika sehemu yetu ikoje siku hizi? Inamsaidia nani, na inamwumiza nani? Wazazi na vijana wazungumze pamoja, si mbalimbali.

4. Ni mzee gani wa kwetu mwenye ufundi (wa ngoma, ususi, uundaji wa mashua, dawa, gitaa) ambaye hana mwanafunzi? Tutamwendea lini?